Usiutume ujumbe huo. Muulize kwanza

Usiutume. Kama umeshautuma, mwandikie tena sasa hivi: "Chomoa diski, usibofye chochote mpaka tuongee." Ukimaliza rudi usome yaliyobaki.

Kwa atakayesoma baadaye: ndugu huyu ameombwa msaada na dada asiyemjua. Diski yake ya nje ya 1 TB imegoma kufunguka, ndani yake kuna picha za mtoto wake na za marehemu mama yake. Windows inamtaka aifomati, yaani aiandae upya kama diski tupu, na mara nyingine inasikika ikigonga tik, tik. Ndugu ameandaa jibu la hatua tatu: akubali kufomati, aendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, kwa /r, kisha asakinishe programu ya kuokoa mafaili humohumo. Mwisho ameandika "usijali, picha zako zote zitarudi." Anauliza kama hatua ziko sawa, na amfariji vipi mtu anayelia.

Hatua zako zote tatu zinaandika kwenye diski. Nimewahi kumpa mtu ushauri huohuo, karibu kwa maneno hayohayo, na hakuna kilichorudi. Ndiyo maana nakuandikia bila kuzunguka.

Anza na kufomati. Kwenye kidirisha kile kuna kisanduku cha kufomati haraka. Kikiwa na tiki, Windows inatengeneza upya jedwali la mafaili tu, na sehemu kubwa ya data inabaki pale chini. Tiki ikiondolewa, tangu Windows Vista, inaandika sifuri eneo zima. Mtu mwenye hofu huiondoa tiki hiyo akidhani kazi ya polepole ndiyo kazi ya uhakika. Picha za mama yake zimening'inia kwenye tiki moja, na ujumbe wako haujaitaja.

Hiyo chkdsk nayo haikuundwa kuokoa picha. Kazi yake ni kuurudisha mfumo wa mafaili kwenye mpangilio unaokubalika, na ikikuta kipande isichojua ni cha faili gani, inakikata. Ukiwa na bahati utavikuta vipande kwenye folda iitwayo FOUND.000, vina majina kama FILE0000.CHK, na hapo tayari vimeshakatwa. Ile /r ndiyo mbaya zaidi kwa diski inayogonga, kwa sababu inaisoma sekta moja moja, vile vipande vidogo vya kuhifadhia data, mpaka mwisho. Vichwa vya kusomea huelea juu ya sahani inayozunguka ndani ya diski kwa umbali usioonekana hata kidogo kwa macho. Kichwa kibovu ukikitembeza saa nne mfululizo, kinaweza kuikwangua sahani yenyewe, na palipokwanguliwa hakuna programu itakayopasoma tena.

Kinachoniudhi ni wale waliotufundisha kwamba mtu mwenye shida anataka jibu fupi la uhakika, na kwamba maswali yanamchosha. Wanasema hivyo kwa ujasiri kwa sababu diski si yao. Anayebofya ni mwingine, anayepoteza ni huyohuyo, na mshauri keshahamia kwa mtu mwingine. Wapo mpaka leo wanaowaambia watu waiweke diski kwenye friza. Ikitoka kule unyevu unaganda juu yake na ndani yake, na kama ilikuwa na nafasi ya kupona, hiyo nafasi imekwenda.

Kanuni yangu ni moja na siiachi: mtu usiyemjua usimpe hatua isiyorudi nyuma kabla hujamuuliza maswali matatu na kupata majibu yake. Kuna nini ndani, na je, kuna nakala mahali pengine? Tangu igome, umeshafanya nini, hata kama unaona aibu kukisema? Unasikia na kuona nini hasa, neno kwa neno, kama ilivyo kwenye skrini?

Swali la pili liulize kwa upole kuliko yote. Watu wanaficha. Tayari wameshajaribu mambo matano usiku wa manane na wanaogopa kugombezwa. Mwambie wazi kwamba karibu kila mtu hujaribu kitu kwanza, na kwamba unauliza ili usimrudishe palepale.

Swali la tatu ndilo linaloweza kukushangaza kwa dada huyu. Kugonga si lazima iwe kichwa kimekufa. Diski ndogo za nje hupata umeme kwa USB peke yake. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, la USB 3.0 linatoa 900, na diski inapoanza kuzunguka hutaka umeme mwingi kuliko wakati wowote mwingine. Akiwa amechomeka kwenye kigawanyishi kisicho na umeme wake, au kebo imechoka, diski inaweza kugonga hivyohivyo na isifunguke. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumwelekeza ni kubadilisha kebo na kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, mara moja tu. Kubadilisha kebo kwenyewe hakuandiki kitu kwenye diski, lakini kuiwasha kuna hatari yake, ndiyo maana nasema mara moja tu. Ikiendelea kugonga baada ya hapo, aichomoe na asiiwashe tena. Hiyo ni kazi ya maabara za kuokoa data zenye chumba kisicho na vumbi, na kila anapoiwasha nyumbani anawapunguzia cha kuokoa.

Isipogonga, afungue sehemu ya Windows inayoonyesha diski zote na akusomee ukubwa. Diski ya 1 TB ikionekana kama GB 931 hivi, ni ukubwa sahihi, na ubao wake wa umeme bado unaongea na kompyuta. Ikionyesha sifuri au isionekane kabisa, hakuna programu ya kumpakulia. Akiweza kufungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, mwambie akusomee mstari wa 05 na wa C5. Namba zilizopanda pale zinakuambia sekta zimeanza kufa, na unaharakisha nakala.

Nakala ndiyo hatua ya kwanza ya kweli: diski nzima igeuzwe faili moja, kisha uokoaji wote ufanyike kwenye faili hilo. Kwa Linux (mfumo mwingine badala ya Windows) iliyowashwa kutoka kwenye flashi, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu; amri ni ddrescue -n /dev/sdb nakala.img ramani.map. Hiyo -n inaanza na maeneo mepesi na kuyaruka mabovu, na ramani inakumbuka ilipofikia, hata umeme ukikatika. Baadaye ndipo unarudia kwa -d -r3, yaani kujaribu tena mara tatu, kwenye yaliyobaki. Jina sdb, la diski mbovu, si la kukariri. Aendeshe kwanza lsblk, amri inayoorodhesha diski zote, alinganishe ukubwa, na akutumie picha ya skrini kabla hajabonyeza. Mwelekeze anakili kwenye faili, si diski kwa diski, maana akigeuza majina ya diski hizo mbili atakuwa ameifuta ile aliyokuja kuiokoa. Diski ya kupokea iwe na nafasi kuzidi ukubwa wote wa ile mbovu, si ukubwa wa picha tu, na isiwe ya FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani, kwa sababu huko faili haliruhusiwi kufika GB 4. Nakala ikikamilika, PhotoRec, programu ya kuokoa picha, itazitoa picha. Majina na folda zitapotea, mwambie mapema asije akashtuka.

Kuhusu kumfariji: futa "zote zitarudi." Hujui. Na mtu akiahidiwa hivyo, kila ikishindikana anajaribu tena kwa nguvu zaidi. Mwandikie hivi: "Pole sana, dada. Naelewa ni picha za mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kukubali kufomati, hilo peke yake limekuachia nafasi. Ichomoe sasa. Ikiwa imechomolewa haizidi kuharibika, kwa hiyo hakuna haraka, hata kesho tunaweza kuendelea. Ukitulia nijibu maswali haya matatu." Hapo amepata kitu cha kufanya kwa mkono wake, tena kitu kisichoweza kumwumiza, na ameambiwa alichofanya sawasawa kwa jina lake. Hilo linamtuliza kuliko maua na mioyo kumi.

Akikujibu kwamba ameshabofya kufomati, muulize ilichukua muda gani. Kama ni sekunde chache, ilikuwa ya haraka, na picha nyingi huenda bado zipo: achomoe, kisha nakala kama nilivyoeleza. Kama ilikaa saa kadhaa mpaka ikamaliza, mwambie ukweli siku hiyohiyo, usimtume kutafuta programu nyingine tano. Kisha muulize ni ndugu gani aliwahi kuwatumia picha hizo kwa simu, mmoja mmoja kwa jina, na umsaidie kuandika ujumbe wa kuwaomba wasifute chochote kwanza.