Simu yake iliita bila kupokelewa

Juzi dogo mmoja wa fildi kaniletea stori ya msanii na mume wa mtu. Imenyooka, lidi (aya ya kwanza) kali, kichwa keshakiweka mwenyewe kwa herufi kubwa, halafu aya ya mwisho kaisoma ile dua yetu: "Jitihada za kumpata msanii huyo ziligonga mwamba baada ya simu yake kuita bila kupokelewa." Nikamuuliza iliita saa ngapi? Kimya. Namba yake unayo? Eti bro namba naitafuta. Yaani simu imeshaita na namba bado inatafutwa.

Sikumfokea sana maana hiyo sentensi naijua, nimeila miaka. Ila nyie mnaoingia deski la burudani sasa hivi, pamoja na nyie wenye kurasa za Insta mnaojiita chombo cha habari, kaeni hapa kidogo.

1. Chanzo sio malaika. Anayekunyetishia skendo ana lake: meneja kapigwa chini, dansa hajalipwa, shoga wamegombana. Sio lazima awe anadanganya, ila jiulize yeye anapata nini. Mimi hili nimelisoma kwa ada kubwa, na ada yenyewe kalipa mtu mwingine.

Miaka hiyo niko gazeti la udaku, saa mbili usiku tunafunga kurasa, front, yaani ukurasa wa mbele, haina kitu, mhariri anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga. Dalali mmoja wa nyumba, Kijitonyama huko, akanirushia picha tatu. Kirikuu imepaki nje kwa msanii mmoja wa Bongo Fleva, alishawahi kuwa wa moto sana ila kipindi hicho kapoa poa, na juu ya kirikuu kuna sofa seti nzima zimefungwa kamba. Dalali akasema huyo katimuliwa, anadaiwa kodi miezi sita. Nikaipeleka kwa mhariri mbio mbio. KAFULIA, ATUPIWA VYOMBO NJE. Hata alama ya kuuliza hatukuweka, nadhani tuliona inapunguza utamu.

Namba yake nilikuwa nayo. Vocha nilikuwa nayo. Sikupiga, na nisiwadanganye kwamba nilisahau au muda ulinibana, sikupiga kwa sababu niliogopa angepokea. Angepokea angesema neno moja tu na front ingekufa hapo hapo, mhariri angenigeukia mimi. Kwa hiyo nikaandika iliita bila kupokelewa, nikala chipsi mayai, nikaenda kulala.

Sofa zilikuwa zinaenda Keko kubadilishwa vitambaa.

Asubuhi yake kaja ofisini. Nilitegemea ngumi. Jamaa kavaa kandambili, mpole, katoa simu, kafungua orodha ya simu zilizoingia jana yake, akawa anaishusha kwa kidole gumba taratibu mbele ya uso wangu. Mama. Mama. Fundi Keko. Wife. Fundi Keko. "Kaka nionyeshe, ya kwako ni ipi?" Mpaka leo nikisikia mtu ananiita kaka kwa sauti ile ya chini tumbo linanikata.

Tukamwomba radhi, ndio. Ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo la mganga, kisanduku saizi ya stika ya bima. Front inasomwa na daladala nzima hata kwa asiyenunua, kile kisanduku nadhani kasoma yeye na mke wake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapa ndo watu wengi hawaelewi skendo inavyofanya kazi. Mangi wa jirani akakata kumkopesha. Promota wa mkoani aliyekuwa wamekubaliana bei akarudi kuomba apunguziwe, "najua hali yako ndugu yangu". Mwenye nyumba, ambaye alikuwa hamdai hata mia, kasoma gazeti akaingiwa na wasiwasi, mkataba ulipoisha akataka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Jamaa hana, shoo zimeshuka bei. Akahama. Kirikuu ikaja kweli safari hii, na nyumba ile akaipangisha nani? Dalali yule yule, akala kodi yake ya mwezi mmoja ya udalali. Stori yangu ya uongo ikawa ya kweli ndani ya miezi minne na nikashindwa hata kusema nilikosea, maana ushahidi sasa upo.

2. Piga simu mchana, sio dakika tano kabla ya kufunga, na andika saa uliyopiga.

3. Skrinshoti sio ushahidi, chati feki za WhatsApp hata mtoto wa form two anatengeneza. Omba uione simu yenyewe.

4. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kile cha kuchapisha habari za uongo mtandaoni, someni. Faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote kwa pamoja, na msitegemee "nimerepost tu" itawaokoa. Mwenye ukurasa aliyekutuma hutamwona mahakamani, nakuambia.

5. Skendo hainenepi kwa tukio, inanenepa kwa jibu. Mnasubiria picha wakati mali iko kwenye mdomo wa mhusika. Aprili 2008 habari ilitoka Uingereza kwamba Andrew Chenge, Waziri wa Miundombinu, ana zaidi ya dola milioni 1 kwenye akaunti kisiwani Jersey. Nzito, ndio, ila mtu wa kawaida Jersey haijui na dola milioni hajawahi kuziwazia. Waandishi walipomuuliza akaziita vijisenti. Basi. Hilo neno likaingia vijiweni, likaingia kwenye daladala, kila mtu akawa na vijisenti vyake, na mwezi huo huo akajiuzulu. Nani anakumbuka jina la akaunti? Neno ndo limebaki. Na angalieni tena, 2010 wapiga kura wa Bariadi Magharibi wakamrudisha bungeni. Mwanasiasa ana jimbo la kumpokea akianguka. Msanii anapokelewa na nani? Dili la ubalozi wa kampuni likivunjwa limevunjwa, na akiwa mwanamke ndo kabisa, mwanaume wa kwenye stori ile ile anatoa ngoma mpya wiki inayofuata na nyie nyie mnaisapoti.

6. Wakiachana Jumatano na ngoma inatoka Ijumaa hiyo ni kiki, waache. Mkiandika mmewafanyia promo bure.

7. Mkiambiwa rusheni na stori haijabalansi, kataeni. Najua mtasema kukataa ni kwa wenye vyeo. Machi 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar wakati ule, Paul Makonda, aliingia kituo cha utangazaji cha Clouds usiku na watu wenye silaha, na maelezo yaliyotoka baadaye ni kwamba ugomvi ulikuwa stori ya mchungaji ambayo watangazaji wa kipindi cha udaku, udaku jamani, walisita kuirusha kwa sababu upande wa pili haujasikika. Waziri wa Habari Nape Nnauye akaunda kamati, kamati ikaleta ripoti, kesho yake Nape kaondolewa uwaziri. Kwa hiyo sisemi kukataa ni rahisi. Nasema kama wale walisita mpaka mitutu ikawafuata ofisini, wewe unaogopa mhariri mwenye kitambi?

Tuje kwa dogo wangu. Nikampa namba, nikamwambia piga hapa hapa, weka laudi. Ikaita mara mbili, sauti ya kike ikasema "haloo?" Dogo akakata.

Nikamwambia piga tena. Akapiga, wameongea dakika kumi na kitu, mume mwenyewe wa mtu akapewa simu naye akaongea, na stori imekufa kifo cha kawaida, hakuna aya iliyobaki. Dogo kaninunia. Leo siku ya tatu, chai anajichukulia peke yake.