MASWALI YA WASOMAJI: Ukoo wa mahindi ya 611

Marehemu babu alipanda 611, baba akaja na 614. Wazee wa hapa husema mahindi haya yana damu ya Amerika. Ni kweli, au ni maneno ya barazani tu?
*Msomaji, Trans Nzoia*

Wazee wako wamesema kweli, tena damu hiyo imetoka Amerika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni mahindi meupe ya walowezi, yaliyoingia kutoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Maarufu kati yake ni Hickory King, mbegu ya Marekani yenye punje kubwa bapa na mistari michache kwenye gunzi jembamba. Aina hizo zilipandwa jirani kwa jirani, upepo ukazichanganya, zikawa kundi moja lililoitwa Kenya Flat White. Mwaka 1955 mtafiti Michael Harrison alianza kazi Kitale, na kutoka katika kundi hilo ikapatikana Kitale Synthetic II, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1961. Mbegu nzuri, lakini ukoo ulikuwa mwembamba: ndugu wakioana na ndugu, hufiki mbali.

Njia ya pili ni Ecuador 573, mahindi ya wenyeji wa milima ya Andes, ambayo Harrison aliyapata kwa kusaka mbegu Amerika ya Kilatini. Yalipokutanishwa na Kitale Synthetic II, mtoto alimzidi mzazi huyo wa Kitale kimavuno kwa takriban asilimia 40. Huyo ndiye 611, aliyetoka mwaka 1964. 614 ni wa ukoo huohuo.

Nguvu hiyo haikutokea hewani. Kila ukoo hubeba jeni (maagizo ya urithi) zake mbovu zilizojificha, na koo mbili zilizoachana kwa maelfu ya miaka hazina ubovu uleule. Pale jeni ya upande mmoja inapolegea, ya upande wa pili inafunika. Zaidi ya hapo, mahindi ya Andes yalikwisha zoea ubaridi wa mlimani. Ndiyo maana 611 iliikubali Kitale, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukiishusha Pwani haitakupa kitu. Kasoro yake ni urefu: hindi linakaa juu, na upepo mkali huilaza.

Koo zote mbili zina babu mmoja, nyasi ya porini iitwayo teosinte, iliyoanza kufugwa miaka 9,000 hivi iliyopita katika bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico. Suke la teosinte halizidi kidole. Lina punje 5 hadi 12 kwa mistari miwili, kila punje imefungwa ndani ya ganda gumu kama kokoto, na likikauka linapukutika lenyewe. Badiliko katika jeni iitwayo tga1 ndilo lililoivua punje ganda hilo, na badiliko katika tb1 likageuza kichaka cha matawi kuwa bua moja. Mwanasayansi George Beadle alipanda wajukuu 50,000 hivi wa hindi na teosinte. Karibu mmoja katika kila 500 alirudi kufanana na hindi, na idadi kama hiyo ikafanana na teosinte, akakata shauri kwamba tofauti kubwa kati yao zinashikwa na jeni nne au tano tu.

Pamoja na kufugwa huko, mahindi hayakupoteza utajiri wake mwingi. Chukua mahindi mawili yasiyo na udugu, usome maandishi ya jeni zao: kwa wastani herufi moja katika kila 100 hivi inatofautiana. Binadamu na sokwe wanakaribia kutofautiana kiasi hicho. Ghala hilo ndilo Harrison alilochota.

Nilipanda mahindi meupe matupu, lakini nikimenya nakuta punje za njano zimetawanyika. Nimeuziwa mbegu mbaya?
*Msomaji, Mbozi*

Tazama punje hizo zimekaaje. Zikiwa moja moja, huku tatu, kule tano, na zikiwa nyingi zaidi kwenye mistari iliyo upande wa jirani, hiyo ni chavua ya mahindi yake ya njano. Ukikuta hindi zima la njano, au nusu kwa nusu, hapo mbegu ndiyo yenye walakini.

Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje moja, na kila punje ina baba yake. Rangi ya njano hushinda nyeupe, kwa hiyo inajitokeza msimu uleule. Kwa kula hazina neno, ila usizipande. Na ujue kwamba jirani mwenye mahindi meupe naye anaingia shambani mwako vilevile, ila humwoni. Weka umbali wa mita 200 au zaidi, au mpishane kupanda kwa wiki tatu hadi nne, ili mbelewele zake ziishe kumwaga kabla ndevu zako hazijatoka.

Kwa nini mbegu chotara nikiirudia inadhoofu?
*Msomaji, Eldoret*

Kwa sababu ndugu wameoana. Chotara aliyetokana na koo safi mbili hupoteza nusu ya nguvu ya uchotara katika kizazi kinachofuata, na wa koo safi nne hupoteza robo. Mbegu isiyo chotara, kama Katumani, unaweza kuirudia.

Nina mahindi ya kienyeji tuliyorithi. Nahifadhije mbegu yasiharibike?
*Msomaji, Songea*

Kosa la wengi ni kungoja hadi ghalani, kisha kuchagua mahindi kumi makubwa kuliko yote. Hindi kubwa huenda lilipata samadi zaidi, au jirani zake hawakuota, na hilo halirithiwi. Tena mama kumi ni wachache mno. Misimu michache tu na mimea itafupika, na ndevu zitachelewa kutoka huku mbelewele zimekwisha mwaga, utakuta hindi lenye mapengo.

Anza shambani wakati wa kuchanua. Acha mistari mitano ya pembeni. Sehemu ya ndani igawe kwa vigingi iwe miraba sawasawa, na katika kila mraba funga utepe kwenye mimea iliyo bora kuliko wenzake wa hapohapo: isiyo na milia ya manjano majanini, isiyolala. Lengo ni mahindi 200. Yakikauka, kwenye kila hindi ondoa punje za kitako na za ncha, kisha hesabu punje 150, idadi ileile kwa kila moja, hata lile unalolipenda sana. Jumla ni punje 30,000, kama kilo 10, mbegu ya ekari moja.

Kupima ukavu, tia chumvi iliyokaushwa vizuri ndani ya chupa safi ya kioo pamoja na punje, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandama, anika siku mbili zaidi ndipo ufunge.

Ugonjwa wa kukausha mahindi uliponishambulia, aina zote nilizopanda zilikufa. Kwa nini hakuna iliyopona?
*Msomaji, Bomet*

Ugonjwa huo, uliogunduliwa kwenu Bomet mwaka 2011, unaletwa na virusi wawili wakikutana, na mmoja wao alikuwa mgeni kabisa kwetu. Mbegu zetu hazikuwahi kupimana naye nguvu. Tangu 2013 mbegu zinapimwa Naivasha, na kinga imara ilipatikana katika mahindi ya Thailand, jeni yake ikiwa kwenye kromosomu ya 6, na inahamishiwa katika mbegu zetu. Kwa sasa tafuta mbegu inayouzwa kwa sifa ya kustahimili ugonjwa huo, ng'oa miche yenye dalili, na kaa angalau miezi miwili bila hindi lolote shambani, hata yale yanayojiotea. Weka viazi au maharagwe.