Weka rula chini, tafuta katikati

Juzi msichana wa kidato cha tatu kutoka Ruangwa kanitumia picha ya daftari lake. Swali: chora grafu ya y = x² − 6x + 5. Nukta kazipanga vizuri kabisa, halafu kachukua rula akaziunganisha mojamoja. Imetoka kama ngalawa iliyochongwa kwa shoka. "Dada, nimekosea wapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilipokuwa kidato cha nne hapa Mtwara hata nukta zilinishinda. Kwenye jedwali la y = x² niliandika kwamba −2 ukiizidisha kwa yenyewe ni −4. Ni 4! Hasi mara hasi ni chanya. Mchoro wangu ukawa unapanda tu kutoka kushoto. Mwalimu akauinua darasa zima lione: "Huyu katuchorea barabara ya Masasi kwenda Newala. Korosho zinakusubiri, mama." Walicheka mpaka kengele. Matokeo yakatoka, hesabu F.

Na korosho kweli zilinisubiri. Nikawa nakaanga, nafunga pakiti, nauza stendi. Kwa shilingi 1,000 zilitoka pakiti 40 kwa siku, na kila nikipandisha mia, zinapungua mbili hivi. Usiku mmoja nikapiga hesabu kwenye kijidaftari. Bei 1,000 inaleta 40,000. Bei 2,000, pakiti 20, inaleta 40,000 ileile! Bei 1,400 na 1,600 zote 44,800. Katikati yake, 1,500, ikaleta 45,000, na hakuna bei iliyoizidi. Nikakaa na kibatari changu nikitazama zile namba zinavyopanda, zinageuka, zinashuka kwa hatua zilezile. Kumbe ndiyo grafu niliyochekewa.

Kurisiti sina haja ya kusimulia. Nilipata C. Mwalimu yule alikuja kununua pakiti mbili, sikumpunguzia hata mia.

Sasa wewe wa Ruangwa. Anza na katikati. Chukua namba iliyo mbele ya x, hapo ni −6, igeuze alama iwe 6, gawanya kwa mara mbili ya namba iliyo mbele ya x² (hapo ni 1, haiandikwi tu), yaani 2. Unapata 3. Weka 3 kwenye swali: 9 − 18 + 5 = −4. Hapo ndipo mkunjo unapogeukia. Kisha tembea hatua moja kila upande, kwenye 2 na 4: zote −3. Hatua mbili, 1 na 5: zote 0, mkunjo unakata mstari wa x. Hatua tatu, 0 na 6: zote 5. Pande mbili zikikataa kufanana, usilaumu swali, rudia hesabu yako. Namba ya x² ikiwa chanya, chungu kimekaa wima; ikiwa hasi, kimefunikwa, kama mauzo yangu ya korosho.

Nyie wadogo zangu mnapenda kukariri kanuni usiku wa kuamkia mtihani, halafu mnasema hesabu ni za wenye akili. Akili gani? Katikati hamjaitafuta! Nimesema katikati, nasema tena katikati.

Chora upya kwa mkono mlegevu, penseli iliyochongwa, rula ibaki kwenye mkebe baada ya kuchora mihimili. Nitumie picha kabla ya Ijumaa. Na yule aliyecheka nyuma yako darasani, mwulize yeye katikati yake kaipata wapi.