Sauti ya pili maana yake juu: maswali yenu kuhusu sauti

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanakwaya wa Moshi na Arusha, na nimefurahi, maana ni watu wanaoishi na maneno haya kila wiki.

Neno "sauti" ni la Kibantu au la Kiarabu? (Msomaji, Ngarenaro)

La Kiarabu: sawt. Kiswahili kikaliongezea "i" mwishoni, kama mawt ilivyotupa mauti na waqt ikatupa wakati. Ndugu zetu wengine wa Kibantu wamebaki na neno lao. Wanyarwanda husema ijwi, Wazulu izwi. Kwa Waarabu sawt ni kura pia. Sisi kura tuliichukua kwenye neno lao jingine, qur'a, la kupigia bahati nasibu. Hata hivyo maana ya madaraka tunayo: mtu asiye na sauti kwenye kikao cha ukoo koo lake ni zima kabisa, ila akisema hakuna anayemsikiliza.

Mwalimu wetu anasema "alto" maana yake ni juu. Mbona tunaimba chini ya soprano? (Sauti ya pili, Kiboriloni)

Mwalimu wenu yuko sahihi. Neno linatokana na Kilatini altus, yaani -a juu, na swali la kuuliza ni juu ya nani. Katika kwaya za makanisa ya Ulaya, kwenye karne ya 15, wimbo wenyewe mara nyingi ulishikwa na sauti iitwayo tena, na jina hilo linatoka kwenye tenere, kushika. Juu ya tena iliwekwa sauti iliyoitwa contratenor altus, na chini yake contratenor bassus, ndiyo besi yetu. Waimbaji walikuwa wanaume na wavulana, kwa hiyo altus kweli ilikuwa juu, kwa koo la mwanamume. Baadaye wanawake wakaichukua sehemu ile pamoja na jina lake, nayo sauti iliyokaa juu ya zote ikaitwa soprano, kutoka sopra ya Kiitaliano, ambayo nayo ni "juu".

Najua sauti ya pili, yaani alto, hujiona wamesahauliwa. Soprano wanapanda m, s, d' (mi, so, do ya juu), ninyi mmeganda kwenye noti moja mstari mzima. Basi jaribuni hivi mazoezini: kwaya iimbe d, m, s, halafu wenye m wanyamaze. Zikibaki d na s peke yake, wimbo unakuwa mtupu, hata hujui kama ni wa furaha au wa huzuni. Na hiyo m mara nyingi mnayo ninyi.

Wingi ni "sauti" au "masauti"? (Pasua)

Sauti hii, sauti hizi. "Masauti" ni ya kukuza, na anayeambiwa apunguze masauti yake ajue amekera.

Bibi yangu wa Tanga akikaukiwa sauti husema "nimepwelewa". Ni Kiswahili sanifu? (Njiro)

Sanifu kabisa, na ni kizuri mno. Maji ya bahari yakipwa, chombo kilichokuwa kinaelea hubaki kimekaa mchangani. Hapo chombo kimepwelewa. Mwenye sauti iliyokauka naye ni hivyohivyo, koo lipo na maneno yapo, kilichoondoka ni cha kuyabebea. Huku bara tumezoea "sauti imekauka", lakini ningependa wajukuu wa Njiro waendelee kusema kama bibi. Naye mwambieni apumzike kuongea, asijikaze kunong'ona, maana kunong'ona kwa nguvu nako huchosha koo. Ikipita wiki tatu bila kupona, aende hospitali.

"Kipaza sauti" ni maikrofoni au spika? (Sakina)

Kupaza ni kufanya kitu kipae, kwa hiyo jina linavifaa vyote viwili. Ila ukiagiza kipaza sauti ukumbini utaletewa cha kushika mkononi. Ukitaka lile boksi, sema spika.