Timu inaniuliza kama kuna kupunguzwa, niwaambie nini?

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni kiongozi wa maafisa mikopo kwenye kampuni moja hapa Mwanza. Tumetangaziwa matawi mawili yanaunganishwa na mfumo wa kompyuta unabadilika, sasa kila siku naulizwa "bosi, tunapunguzwa au hatupunguzwi?" Meneja kasema niwatulize tu, niwaambie hakuna atakayeguswa. Grupu la WhatsApp ni tetesi tupu, na mama mmoja mkongwe wa kaunta kagoma kabisa kujifunza mfumo mpya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo "hakuna atakayeguswa" usiitamke kama huna maandishi mkononi, maana barua zikitoka wewe ndo utaitwa muongo, meneja wala hatakuwepo.

Tena mkumbushe kistaarabu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kupunguza watu kimyakimya, anatakiwa atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadili namna ya kuepuka, watakaoondoka watachaguliwaje, lini, na malipo yao, wasipoelewana linaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kusuluhishwa. Kiinua mgongo nacho kipo, angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Vijana wakijua haya hata presha inashuka.

Ila mi naona hofu kubwa ya afisa mikopo hata siyo barua, ni wateja wake. Kahangaika nao sokoni miaka yote, sasa matawi yakiungana nani anawachukua? Kamisheni ya mwezi wa kuhama inahesabiwaje? Na ile mikopo chechefu, isiyolipika, ya tawi la pili itaandikwa kwenye jina la nani? Majibu ya hayo meneja anaweza kukupa hata kesho, kamng'ang'anie. Halafu kila Jumatatu kabla hawajatoka fildi kaa nao dakika chache, sema kilichoamuliwa, kisichoamuliwa, na lini mtajua. Hata kama hakuna jipya kikao kiwepo, ukikiruka tu grupu linakujazia pengo. Humo usiingie kubishana.

Huyo mama usimfundishe mbele ya foleni, mtu mzima anaona aibu kuonekana anatafuta kitufe mbele ya wateja wake. Mfundisheni baada ya kufunga kaunta. Na mpe kazi ya kulinganisha masalio ya daftari na ya mfumo mpya, data zikihamishwa lazima kuna za kukosea na yeye anawajua wateja kwa sura, ataziona kabla ya fundi wenu.

Kitu kimoja hujaniambia. Matawi mawili yana viongozi wa timu wawili, sivyo? Muulize meneja atabaki nani, na muulize kwa barua pepe.