Vumbi, chumvi na mgao: majibu kwa wenye nyumba Dodoma

*Shikamoo fundi. Kiyoyozi changu kilifanya kazi kiangazi chote bila shida. Mvua zilipoanza tu, kikaanza kudondosha maji ukutani juu ya kitanda. Je, maji ya mvua yanaingia? (Msomaji, Ilazo)*

Marahaba. Hayo si maji ya mvua, dada yangu. Yanatoka hewani, mle mle chumbani.

Kiyoyozi kinapopoza hewa, unyevu uliomo hugeuka maji kwenye mapezi ya baridi, kama glasi ya maji ya friji inavyotoa jasho mezani. Yale maji huangukia kwenye kisahani kilicho chini ya mapezi, kisha hutoka nje kwa mpira mwembamba. Hewa ya Dodoma kuanzia Juni hadi Novemba ni kavu mno, kwa hiyo kiyoyozi hutoa maji kidogo sana, siku nyingine hata tone hulioni. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya upepo. Vumbi linaingia, linatua kwenye kisahani, linagandamana, linaziba mdomo wa mpira, na wewe huna habari kwa sababu hakuna maji ya kukushtua. Desemba ikifika, hewa inajaa unyevu, maji yanajaa kisahani, yanakosa njia, yanamwagikia ukutani. Kila mwaka wiki mbili za mwanzo wa mvua simu yangu haipumziki, na karibu zote ni za jambo hili.

Zima umeme kwenye swichi yake kubwa. Fungua mfuniko wa mbele, toa machujio, yaoshe kwa maji ya bomba na sabuni kidogo, yakauke kivulini. Halafu nenda nje kwenye ncha ya mpira. Juzi nilivuta mpira wa nyumba moja, ukatoka mkia wa tope jekundu wenye urefu wa kidole, laini kama udongo wa kufinyangia, na nyuma yake maji lita nzima. Unaweza kuuvuta kwa mashine ya kunyonya vumbi na maji, ukiwa umeziba pembeni kwa kitambaa. Usipulize kwa nguvu kuelekea ndani, utamwagia godoro tope. Hakikisha pia mpira unashuka njia yote. Ukipanda hata kidogo mahali, maji yatasimama hapo.

Machujio osha kila wiki mbili wakati wa upepo. Kisahani na mpira visafishwe mwezi Novemba, kabla ya mvua.

*Fundi wangu hunijazia gesi kila mwaka na kunitoza. Anasema gesi inaisha kama ya jikoni. Ni kweli? (Msomaji, Nzuguni)*

Si kweli, na jambo hili linaniuma kwa sababu linawala watu pesa mwaka hadi mwaka. Gesi ya kiyoyozi haichomwi. Inazunguka tu, kutoka ndani kwenda nje na kurudi, ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja, basi. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kupeperusha hewani.

Mwambie akuonyeshe nati za shaba zinazounga mabomba kwenye mashine ya nje. Gesi husafiri na mafuta ya kompresa, hivyo mahali inapotokea hubaki unyevu wa mafuta, na kwa vumbi letu hapo hujengeka gamba jeusi zito wakati nati nyingine zina vumbi kavu tu. Apake povu la sabuni, mtaona mapovu. Akishaziba, anyonye hewa yote kwa pampu ya vakyumu kabla ya kujaza, na ajaze kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Gesi za R410A na R32 hazijazwi kwa kukisia. Tena R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asichomelee bomba lenye gesi ndani. Fundi asiye na mizani wala vakyumu, mshukuru kwa kuja, umruhusu aende.

*Bafu langu lilikuwa linamwaga maji vizuri, sasa ni vijinyuzi vitatu vinne tu, na hita inachelewa. Bomba la sinki lina presha nzuri. (Msomaji, Area D)*

Ni chumvi. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na maji ya ardhini huku yana madini mengi. Kila mmoja anaujua ule weupe unaobaki kwenye sufuria ya chai. Weupe huo huo uko kwenye kichwa cha bafu. Kifungue kwa mkono, kiloweke kwenye siki usiku mzima, asubuhi sugua kwa mswaki wa zamani.

Hita ndiyo inaumia zaidi, maana madini hayo hujitenga maji yanapopata moto. Elimenti, yaani chuma kinachopasha maji, inavaa koti la chokaa, joto linashindwa kupita, luku inakwenda. Ifunguliwe mara moja kwa mwaka, ikwanguliwe, na ile fimbo ya magnesi iliyomo ndani ikaguliwe; ikiwa imebaki waya mtupu, ibadilishwe, kwa sababu yenyewe ndiyo inaliwa badala ya tanki.

*Je, naweza kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la barabarani siku za mgao? (Msomaji, Mkonze)*

Hapana. Unawanyonya majirani, na bomba lenye ufa huvuta maji machafu ya ardhini pamoja. Pokea maji kwenye tanki la chini lenye boya, pampu ivute kutoka humo kupandisha juu.

*Bili ya maji imepanda mara mbili, na hakuna mahali panapovuja. (Msomaji, Nkuhungu)*

Usiku, watu wakilala, funga koki zote, soma mita, andika. Soma tena alfajiri kabla mtu hajanawa. Kama una tanki, funga na koki inayoliingiza maji. Namba zikisogea, uvujaji uko kati ya mita na tanki, mara nyingi ardhini. Zisiposogea, tatizo liko baada ya tanki, na mtuhumiwa wangu wa kwanza ni choo. Mimina glasi ya juisi ya rozela kwenye tanki la kuflashi, usiflashi, subiri nusu saa. Bakuli likigeuka jekundu, mpira unaoziba chini ya tanki hilo umechoka. Angalia na boya la simtanki pia: likikwama kwa chumvi, maji hufurika kwa bomba la juu usiku, wakati ambao mgao huja na hakuna anayeona.

Wala usidharau koki inayodondosha maji. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, lita kadhaa za maji.

*Nataka kununua nyumba Iyumbu. Hati nimeshahakiki. Kwenye maji na viyoyozi niangalie nini? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Nenda mchana wa siku ya kazi, bila haraka, ukae saa mbili. Fungua bafu, sinki la jikoni na bomba la nje kwa pamoja, kisha flashi choo. Bafu likifa, mabomba ni membamba au tanki liko chini mno. Kila mita moja ya kimo kati ya tanki na bomba inakupa sehemu moja ya kumi ya baa (kipimo cha presha) tu, hivyo mnara mfupi hauendeshi bafu la kisasa bila pampu. Uangalie mnara wenyewe: simtanki la lita 2,000 likijaa lina tani mbili za maji, nami nimeona likikalishwa juu ya vyuma vilivyoliwa kutu miguuni.

Inua mifuniko ya chemba za majitaka. Maji yaliyosimama ndani yake yana maana shimo limejaa au ardhi hainywi. Sehemu za Dodoma zina udongo wa mfinyanzi, nyingine jiwe, na shimo la kunyonya huko hujaa upesi, hasa masika. Uliza limevutwa lini mara ya mwisho, na kama gari la majitaka linaweza kufika.

Viyoyozi viwashwe kila kimoja dakika 30. Pima joto la hewa inayoingia juu na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Tazama dari chini ya kila bafu la ghorofani na ukuta chini ya kila kiyoyozi. Rangi mpya kwenye kipande kimoja tu cha dari, muulize muuzaji imepakwa kwa nini, na umwombe akutolee bili tatu za mwisho za maji kabla hamjaongea bei.