Mapigo hayafiki 108: je, natembea bure?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 52 na natumia atenolol kwa ajili ya presha. Natembea haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Nimesoma kuwa kwa umri wangu mapigo ya moyo yafike 108 hadi 128 kwa dakika, lakini saa yangu haivuki 95 hata nikitokwa jasho. Je, natembea bure? Nianze kukimbia?

JIBU: Marahaba. Hutembei bure, na usianze kukimbia kwa sababu ya namba hiyo.

Hesabu uliyoisoma huchukua 220, hutoa umri, kisha hutafuta asilimia 64 hadi 76 ya kinachobaki. Ni makadirio tu. Hata kwa asiyetumia dawa yoyote huweza kupotoka kwa mapigo 10 au zaidi. Kwako haifai kabisa, maana kazi mojawapo ya atenolol ni kuupunguzia moyo kasi: misuli inachapa kazi, ila mapigo yanazuiwa yasipande. Nakusihi usiruke dozi ili saa ionyeshe namba kubwa. Kuacha ghafla dawa za kundi hili kunaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Jipime kwa pumzi. Ukiwa njiani, ongea. Ukiweza kuzungumza vizuri lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika, hicho ndicho kiwango cha wastani. Ukiimba bila shida, ongeza mwendo. Ukishindwa kusema zaidi ya maneno machache bila kuvuta pumzi, umeingia kwenye mazoezi makali. Waweza pia kuhesabu hatua: takriban 25 kwa sekunde 15 ni mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za kiwango cha wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Wewe tayari una 150. Ninachokiona kimekosekana ni mazoezi ya kuimarisha misuli, angalau siku mbili kwa wiki. Anza na kuketi na kuinuka kitini bila kushika popote.

Ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu unapotembea, simama papo hapo, na umwone daktari wako kabla hujaendelea na mazoezi.